Nyumba juu ya guta: maswali ninayoulizwa mara kwa mara

Mimi ni fundi baiskeli, naishi Uyole, Mbeya. Kila mwaka mpunga ukishavunwa bonde la Usangu nashuka Igurusi na Chimala kufanya kazi, kwa sababu ndipo watu wa kule wanapokuwa na hela na baiskeli zao zinapokuwa hoi. Zamani nilikuwa nalala gesti au kwenye stoo ya mtu, na pesa ya kitanda ikawa inakula kazi ya siku nzima. Sasa nalala kwenye guta langu, baiskeli ya mizigo ya tairi tatu, nimelijengea chumba. Kila ninaposimama watu wanajaa, na maswali ni yale yale, kuanzia watoto wa shule hadi askari wa barabarani. Nimeyaandika hapa na majibu yake.

Hiki kitu ni nini hasa?

Ni guta la kawaida la miguu, lile la tairi tatu, moja mbele na mbili nyuma. Pale penye bodi ya mizigo nimeweka kachumba ka urefu wa mita 1.9, upana sentimita 90 na kimo mita 1.1. Ndani unakaa, unalala, husimami. Kuna godoro, sanduku la vifaa vya kazi, ndoo ya maji na betri. Juu kuna sola. Injini ni magoti yangu.

Wazo ulilitoa wapi?

Si jipya. Huko nje watu wanavuta vijumba kwa baiskeli, na mwaka 2008 msanii wa Marekani, Kevin Cyr, aliweka chumba kidogo cha kulala juu ya baiskeli ya tairi tatu ya Kichina. Ile ilikuwa kazi ya sanaa. Mimi nilikuwa natafuta pa kulala.

Unapanda nalo Mlima Nyoka?

Hili ndilo swali la kwanza kwa kila mtu wa Mbeya, na jibu langu linawakata watu maini: hapana. Kutoka Uyole kwenda Igurusi, njia inayopita mlima huo, guta langu linapanda lori la Fuso. Nalipia kama mzigo, nakaa mbele na dereva, tunashuka. Nikifika Igurusi, kwenye tambarare, ndipo naliteremsha na kuanza kukanyaga.

Watu wanacheka. "Fundi, nyumba ya baiskeli inapanda gari?" Wacheke. Hesabu ni hii. Guta likiwa na kila kitu pamoja na mimi mwenyewe ni kilo 225 hivi. Kwenye mwinuko wa asilimia 5, yaani kila mita 100 unapanda mita 5, kulisukuma kwa mwendo wa kilomita 3 kwa saa kunataka karibu wati 110. Mtu wa kawaida mwenye afya anaweza kutoa wati 75 hadi 100 kwa muda mrefu. Kwa hiyo kwenye mwinuko ambao dereva wa lori haoni hata kama ni mlima, mimi tayari nimeishiwa, na mwendo wenyewe ni wa kinyonga. Barabara ya TANZAM kwenye nyanda hizi ina miinuko mikali kuliko hiyo, na nyuma yako kuna malori ya Zambia na Kongo yanayohesabu dakika.

Kwenye lami tambarare mambo ni tofauti kabisa. Wati zile zile 100 zinakupa kilomita 10 hadi 12 kwa saa. Usangu ni tambarare, na ndiyo maana nyumba hii ni ya Usangu. Ukitaka kujenga ya kwako, kwanza iulize barabara yako ikoje. Mtu wa Tukuyu akiniomba ushauri namwambia ajenge kibanda kisichotembea.

Na mlima Kitonga, kule Iringa?

Usijaribu. Si kupanda, si kushuka.

Uzito wote huo unatoka wapi, na unapunguzwaje?

Hapa ndipo nilipoumia, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Chumba cha kwanza nilijenga kwa mbao za paina za inchi moja kutoka Mafinga. Mbao nzuri, bei nafuu, na seremala jirani yangu akanisaidia kuziranda. Kilipendeza. Tulipokipima kwenye mzani wa viazi kilikuwa kilo 96, kabla ya godoro. Nilikanyaga kutoka banda langu hadi njia panda, spoki 4 zikakatika tairi la kulia, nikarudi nasukuma huku vijana wa bodaboda wananipigia honi. Nilikuwa nimejenga banda la kuku lenye magurudumu.

Cha pili nilibadilisha fikra. Mifupa ni mianzi, ile iliyokauka vizuri, imefungwa kwa kamba za mpira wa tyubu na kutiwa gundi kwenye maungio. Huku kwetu mwanzi tunaufikiria kwa ajili ya ulanzi tu, ile pombe inayogemwa humo, lakini mwanzi mkavu ni mwepesi na unabeba. Uchague ambao haujakatwa ncha kwa kugema, na uuache kivulini wiki kadhaa, la sivyo wadudu watakula nyumba yako ukiwa umelala ndani. Kuta ni playwudi ya milimita 3, nje nimeivika bango kuukuu la matangazo, lile la turubai la plastiki. Upande wenye picha nimeugeuzia ndani, kwa hiyo nalala nikitazamana na nusu ya uso wa dada anayetangaza sabuni. Sakafu ndiyo pekee yenye playwudi ya milimita 9, kwa sababu magoti yanatoboa.

Chumba cha pili kilitoka kilo 48, nusu kamili ya kile cha kwanza. Guta lenyewe ni kilo 45. Sola 7, betri 6, godoro 5, maji 20, vifaa vya kazi 18, vyombo na unga 10. Mimi 66. Kila kitu nimekipima. Ukiona fundi anakujengea bila mzani, mtafutie mzani au mtafute fundi mwingine.

Fremu ya guta la dukani inatosha?

Kwa kreti za soda ndiyo. Kwa nyumba inahitaji msaada. Nyumba inakaa juu na inayumba, kwa hiyo fremu inajipinda pale shingoni, nyuma kidogo ya siti. Langu lilipata ufa hapo msimu wa kwanza. Niligundua kwa sababu rangi ilikuwa imepasuka kamstari kembamba kama unywele, na kutu imeanza kuchungulia. Fundi niliyempelekea akachomelea juu ya ufa na kunirudishia. Baada ya siku 9 ukakatika pembeni ya pale pale. Mara ya pili nilisimama mwenyewe: tulisaga ufa wote, tukachomelea, kisha tukaongeza vipande viwili vya bomba la skwea la milimita 25 kutoka shingoni hadi kwenye ekseli ya nyuma, kimoja kila upande. Toka hapo haijalalamika.

Angalia pia ni tairi lipi linavuta. Maguta mengi cheni inazungusha tairi moja tu la nyuma, ili kwenye kona lile jingine liwe huru. Ni sawa, ila kwenye tope tairi linalovuta linaserereka na wewe unabaki pale pale. Mimi nimeweka sanduku la vifaa na maji upande wa tairi linalovuta, na tofauti naiona.

Gia umefanyaje?

Lilikuja na gia moja, meno 44 mbele na 18 nyuma. Mzunguko mmoja wa pedeli unasogea karibu mita 5. Hiyo ni gia ya mtu mtupu kwenye lami. Nimeweka seti ya baiskeli ya mlimani kutoka mtumba, meno 22 mbele na hadi 34 nyuma, na kwenye gia ya chini kabisa mzunguko mmoja unasogea mita 1.3. Unakanyaga kama unashona cherehani, unatembea mwendo wa mzee anayekwenda kanisani, lakini unafika na magoti yako. Kwenye tambarare nabadilisha.

Cheni iwe safi. Vumbi la Usangu likichanganyika na oili linakuwa msasa. Naifuta kwa kitambaa kila jioni, napaka oili kidogo, nafuta tena.

Breki?

Guta la kawaida lina breki ya mbele tu, na wakati mwingine hata hiyo ni ya jina. Usiweke nyumba juu ya guta la namna hiyo. Langu lina breki za ngoma kwenye matairi yote mawili ya nyuma, breki ya mbele, na kamkono kanachofunga breki za nyuma nikisimama. Juu ya hayo nina vipande viwili vya gogo vya kuweka chini ya tairi, kama wanavyofanya watu wa malori.

Kwenye mteremko breki zinapata moto haraka. Nasimama mapema na kudondoshea tone la maji kwenye ngoma. Likisema "chwii" nakaa chini, navuta pumzi, nasubiri. Mteremko ambao siuoni mwisho wake nashuka kwa miguu nimelishika.

Umeme unaupata kwa kukanyaga?

Kidogo sana, na watu wakisikia hivyo wanasikitika, maana walitaka kuona taa zikiwaka kwa pedeli.

Nilitengeneza. Nikisimama nainua tairi la nyuma linalovuta juu ya stendi, linazungusha mota ya sumaku niliyoitoa kwenye skuta mbovu ya umeme. Miguu inatoa wati 80, lakini kwenye mkanda, mota na kidhibiti chaji zinapotea nyingi, betrini zinaingia kama 45. Saa nzima ya jasho ni chaji ya simu 3. Ukitengeneza ya kwako usisahau dayodi, kile kidude kinachoruhusu umeme upite upande mmoja tu, la sivyo ukiacha kukanyaga betri inageuka kuizungusha mota, na tairi likikukuta umeweka mguu vibaya utalikumbuka.

Kazi kubwa inafanywa na sola ya wati 100. Jua la Usangu mwezi wa 6 linanipa wati-saa (wati mara saa) 400 hivi kwa siku, bila jasho. Wakati huo jua linapita upande wa kaskazini, kwa hiyo nainamisha paneli kuelekea kaskazini na naegesha guta ili kivuli cha mti kisiiguse mchana. Betri ni ya lithiamu, volti 12, ampea-saa 50. Nilianza na ya asidi ya gari; ilikuwa nzito, na ukiinyonya zaidi ya nusu mara kwa mara inakufa. Taa zangu 3 za wati 3, redio na simu hazimalizi hata robo ya umeme huo. Unaobaki unaendesha kipampu cha kujazia upepo wateja, na jioni nachaji simu za watu kwa shilingi 300. Kuna siku simu zinalipa kuliko baiskeli.

Kwa nini usipikie umeme huo?

Tuseme chai ya lita 2, maji ya asubuhi ya nyuzi 15. Kuyachemsha kunahitaji karibu wati-saa 184. Kwa pedeli hiyo ni zaidi ya saa 2 na robo za kukanyaga, bila kuhesabu kinachopotea njiani. Utakunywa hiyo chai mchana ukiwa umelala chali. Napikia kuni au mkaa, nje.

Na kwa kuwa tumefika hapo: ukiwa Uyole au Njombe, kumbuka kwenye mwinuko wa mita 1,700 maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi, si 100. Maharage yanachukua muda. Yaloweke tangu jana yake.

Usiku wa baridi naweza kuingiza jiko la mkaa ndani?

Hapana. Hili silijibu kwa utani hata kidogo.

Mkaa ukiungua unatoa kaboni monoksaidi. Haina harufu, haina rangi, haikoholeshi. Unasikia usingizi mzito, labda kichwa kinauma, basi. Mwezi wa 6 na wa 7, baridi inapokaza Mbeya, Njombe na Makete, tunasikia misiba ya watu walioingiza jiko chumbani wakafunga madirisha. Hivyo ni vyumba vya nyumba. Chumba changu ni sawa na kabati kubwa. Jiko lililobaki na makaa mawili, ambalo unadhani limezimika, linatosha.

Ukisikia baridi chemsha maji nje, yatie kwenye chupa ya plastiki ngumu, ivishe soksi, lala nayo miguuni. Inafika hadi alfajiri.

Ndani hakulowi?

Kulikuwa kunalowa. Usiku wa kwanza niliamka nadhani mvua imepenya, kumbe ni pumzi yangu. Paa lilikuwa bati tupu, na mtu aliyelala anatoa karibu kikombe cha maji kwa kupumua. Yalikusanyika kwenye bati, yakanidondokea shingoni moja moja. Sasa chini ya paa kuna ile stairofomu nyeupe ya kupakia televisheni, nimeiokota kwenye maduka, na nimeacha matundu mawili ya ngumi yenye wavu, moja chini karibu na mlango, jingine juu upande wa pili. Hayafungwi hata kukiwa na baridi. Kumbuka stairofomu inashika moto upesi na moshi wake ni mbaya, kwa hiyo mshumaa nao usiingie.

Choo?

Ndoo yenye mfuniko, na maranda. Ukimaliza funika kwa maranda ya kutosha hadi usione kitu. Haitoi harufu kama unavyodhani, mradi mkojo uende kwenye dumu lake. Maranda ukiwa Mafinga au Njombe ni bure. Nikiwa kijijini naomba choo kama watu wote. Ndoo ni ya usiku. Kinachotoka humo nakifukia mbali na maji, na sikipeleki kwenye bustani ya mboga kabla ya mwaka mzima.

Maji na kuoga?

Nabeba lita 20, sizidishi, kwa sababu lita moja ni kilo moja. Ya kunywa nachemsha. Nisipokuwa na kuni natumia chupa angavu za plastiki: maji yasiyo na tope, unayalaza juani kwa muda wa saa 6. Kukiwa na mawingu siku 2.

Ya kuoga natumia dumu jeusi lililoshinda juani. Sioshi miguu kwenye mifereji ya mpunga, hata kama watoto wote wa pale wanaogelea. Kuna kichocho. Na kuna mbu ambao sisi wa Uyole hatujawazoea, kwa hiyo chandarua kinakuja kabla ya godoro.

Upepo haukuangushi?

Mita 1.1 ya kimo si bahati mbaya. Nilitaka kusimama ndani, mama watoto akaniuliza kama nataka pia kulala ndani au nataka kulala mtaroni. Kuta hizi ni tanga. Lori likipita kasi guta linavutwa kwanza kuelekea barabarani, kisha linasukumwa nje. Nashika usukani kwa mikono miwili na siku ya upepo sitembei. Makambako singelipeleka kabisa.

Unaegesha wapi? Hawakufukuzi?

Kwanza namtafuta mwenyekiti wa kitongoji. Najitambulisha, namwambia nimetoka wapi, nakaa siku ngapi, nafanya kazi gani. Mara nyingi ananipa sehemu karibu na kwake, na siku ya kwanza baiskeli yake naitengeneza bure. Ukiingia usiku ukaegesha kimya kimya kwenye kiwanja cha watu, usishangae ukiamshwa na sungusungu. Ndani ya hifadhi kama Kitulo huwezi kuegesha tu unapotaka. Kule kuna taratibu na malipo ya TANAPA, shirika la hifadhi za taifa.

Na wezi?

Nyororo kwenye tairi na fremu. Kisha nachomoa pedeli zote mbili naingia nazo ndani. Mwizi anaweza kukata nyororo, lakini kulisukuma guta la kilo 160 lenye mtu ndani anayepiga kelele ni kazi. Kama hujawahi kuchomoa pedeli: ya kushoto inafunguka kinyume, ukiikaza kwa nguvu ukidhani unaifungua utaharibu krenki, ule mkono unaoshika pedeli. Nusu ya krenki ninazotengeneza Igurusi zimeharibiwa hivyo.

Trafiki wanasemaje?

Wanaomba kuchungulia ndani. Nina taa mbele na nyuma, viakisi kila pembe, natembea kushoto kabisa, na giza likiingia nimeshaegesha.

Lilikugharimu kiasi gani?

Bila sola na betri, laki 9 na ushee, kubwa likiwa guta lenyewe, nililonunua limetumika. Sola na betri vilikaribia kiasi hicho hicho, nikavinunua msimu wa pili. Sijahesabu kile chumba cha mbao.

Si ufunge mota ya umeme tu?

Inawezekana, na mwenye uwezo afanye. Betri yangu ikijaa na kutumika kwenye mota pekee ingepandisha mzigo huu kama mita 500 za kimo, kisha ningesubiri siku mbili ijae. Kwangu Fuso bado ni nafuu.

Unaweza kuishi humo mwaka mzima?

Wiki 7 ndiyo nyingi nilizokaa. Mvua ikianza mwezi wa 11 narudi nyumbani. Kukaa ndani ya kachumba ka mita 1.1 siku tatu mfululizo huku mvua inapiga kunamfanya mtu aanze kuongea na dada wa sabuni. Mama watoto alilala humo usiku mmoja, Chimala. Asubuhi alisema chumba ni kizuri, na akaniuliza basi la Mbeya linapita saa ngapi.

Unaliuza?

Hapana. Lakini kile chumba cha kwanza cha mbao kipo nyuma ya banda, hakina magurudumu. Ukikitaka, njoo asubuhi nikishatoa mayai.